Msitu wa Pugu hauhitaji fulana zetu

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu wiki tatu na wapo waliotuma ujumbe kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha, ndugu zangu. Wiki ya kwanza nilibanwa na kazi za ofisini. Mbili zilizofuata viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na kuchapa ilikuwa adhabu. Wenzangu wa chumba cha habari wamenicheka sana. Mwandishi gani huyu anayeshindwa kuandika kwa sababu ya fyekeo?

Fyekeo lenyewe nililishika Pugu. Sisi watu kumi na mmoja tuliosoma pamoja chuo, ambao kundi letu la WhatsApp lilikuwa la utani na michango ya harusi tu, tuliamua kwenda kujitolea katika hifadhi ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Tuliomba ruhusa, tukapangiwa kazi, na mpaka sasa tumekwenda Jumamosi nne. Nataka kuwaeleza nilichokiona huko. Mniwie radhi, kwa sehemu kubwa ni kujisema mwenyewe.

Nianze na dhambi yangu.

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa bado mgeni katika uandishi, nilitumwa kuandika habari ya upandaji miti. Siitaji kampuni iliyoandaa wala mahali, maana nia yangu si kumchongea mtu. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, spika kubwa, maji ya chupa na fulana za kijani zenye maandishi mgongoni. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili. Alipofika alikabidhiwa mche ambao shimo lake lilichimbwa tangu asubuhi na kijana wa pale pale kijijini. Akaushika, tukapiga picha. Akaumwagia maji kwa kopo jipya kabisa, tukapiga picha tena. Kisha ikawa hotuba, kisha pilau.

Kesho yake gazeti letu likatoka na habari yangu kwamba miche elfu mbili imepandwa. Nani aliihesabu? Mimi sikuihesabu. Niliambiwa na mtu wa uhusiano, nikaandika. Na kwa kuwa leo nimeamua kusema, nimalizie kabisa: bahasha ya "nauli" ilipita na mimi niliipokea.

Mwaka jana nilipita eneo lile nikienda kwenye msiba. Nikamwomba dereva wa bodaboda asimame kidogo. Jamani, kulikuwa na nyasi, mbuzi na vijiti. Nilivuta kijiti kimoja kikatoka bila ubishi, na chini yake kiriba cha plastiki kilikuwa bado kimefunika udongo na mizizi. Yaani mtu alichukua mche akautumbukiza shimoni na mfuko wake, kamera zikiwa zinamsubiri. Niliporudi ofisini nikamweleza mhariri kwamba nina habari. Akaniuliza, "Habari iko wapi hapo?" Nikakosa jibu. Miti iliyokufa haina mgeni rasmi.

Sasa tuje Pugu. Wengi wetu tunaijua Pugu kwa mnada wa ng'ombe na kwa shule, na wapenda historia wataongeza kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha huko mpaka mwaka 1955 alipoacha ualimu ili ashughulike na TANU. Msitu ni wachache wanaoujua, ingawa upo mlangoni kwetu, kilomita ishirini na kitu hivi kutoka Posta, kwenye vilima vya kuelekea Kisarawe. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1954, wakati wa Mwingereza. Siku hizi Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi moja ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwenye ramani ni zaidi ya hekta 7,000. Nasema kwenye ramani kwa sababu ukitembea ndani utakuta maeneo makubwa ambayo ni vichaka na nyasi, na visiki vinavyokumbusha kwamba hapa palikuwa na kitu.

Haya ni mabaki ya misitu ya pwani, ile iliyotapakaa vipande vipande kuanzia Somalia mpaka Msumbiji. Imekaa hivyo muda mrefu sana, kila kipande peke yake, kiasi kwamba kuna viumbe walio katika vipande vichache tu duniani. Kuna miti ambayo wanasayansi waliipa jina la mahali hapa hapa: Baphia puguensis, Millettia puguensis. Fikiria, jina la Pugu limo katika vitabu vya mimea vya London na Berlin, na sisi tunaoishi Ukonga hatujui.

Halafu yupo komba wa Rondo. Aliokotwa mara ya kwanza uwanda wa Rondo, kule Lindi, miaka ya 1950, lakini ilikuwa mpaka mwaka 1997 ndipo wataalamu walipomtambua rasmi kuwa ni aina yake peke yake. Ana uzito wa gramu 60 hivi, yaani kama theluthi ya simu uliyoshika, na mkia wake umetuna kama brashi ya kusafishia chupa. Anaishi katika misitu michache sana, yote Tanzania, na Pugu na Kazimzumbwi imo. Kuanzia mwaka 2006 aliwekwa kwa miaka kadhaa katika orodha ya nyani, kima na komba 25 walio hatarini zaidi duniani. Mimi sijamwona hata mmoja. Yeye hutoka usiku, na sisi saa kumi na moja jioni tunawahi usafiri.

Kama komba hakusumbui (wapo, nawajua, watasema "komba ndiyo nini mbele ya bei ya sembe"), basi fikiria Jangwani. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima hivi. Mwezi Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na toka hapo kila mvua kubwa tunaangalia barabara ya Jangwani ikifungwa na mabasi yakigeuzia njiani. Sisemi kwamba msitu wa Pugu ukipona Jangwani patakauka. Kuna taka, kuna nyumba zilizojengwa bondeni, kuna mengi. Lakini kilima kisicho na miti hakishiki maji wala udongo, na mchanga unaojaza mto kule chini hauteremki kutoka mbinguni.

Siku ya kwanza tulikwenda na mawazo yetu. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshachora nembo ya fulana. Mwingine aliuliza kwenye simu kama tutapata miche mia tano, "ili picha ipendeze". Bwana miti aliyetupokea, mtu mpole wa makamo, alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Vijana wangu, miche ninayo. Sina watu wa kuipalilia."

Akatupeleka mahali palipopandwa mvua za mwaka uliopita. Kwa mbali ilikuwa nyasi tu, za kufika kiunoni. Akatupa mafyekeo manne na mapanga mawili, akasema kazi yetu ni kuitafuta miche humo ndani bila kuikata, kufyeka mduara wa hatua moja kuzunguka kila mmoja, na kuhesabu mizima. Basi. Tuligawana mistari. Baada ya nusu saa utani uliisha. Baada ya saa moja mwenzetu wa nembo alikuwa amekaa chini ya mti akipulizia viganja vyake. Mimi nilikata mche mmoja kwa bahati mbaya, nikautazama huku na huku kama mwizi, kisha nikakiri. Bwana miti alicheka akasema, "Huo usikate tamaa nao, kisiki kitachipua."

Pale aliponieleza ndipo nilipoanza kuelewa. Msitu wa aina hii una nguvu ya kujirudisha wenyewe. Visiki vingi vya miti ya asili huchipua. Mbegu zimo udongoni, nyingine huletwa na ndege na popo. Tatizo ni nyasi na moto. Mti mkubwa ukikatwa, jua linaingia chini, nyasi zinaota. Kiangazi zinakauka. Mtu anachoma shamba lake jirani, au anafukuza nyuki, au tanuri la mkaa linaachiwa cheche, moto unaingia kwenye nyasi na kuua miche yote iliyokuwa inaanza. Mvua zikirudi, zinazoota haraka ni nyasi tena. Ukiacha mzunguko huo ukaenda miaka kumi, unabaki na uwanda wa nyasi wenye bango lililoandikwa hifadhi ya msitu.

Kwa hiyo kazi ya maana ni kuukata huo mzunguko: kupalilia miaka miwili mitatu ya mwanzo mpaka mche uwe na kivuli chake, kusafisha njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi, kufyeka mipaka ili isisogee kimya kimya, kung'oa lantana. Lantana mnaijua, ile yenye vimaua vya rangi mbili ambayo watu huipenda kwa uzio. Ni mgeni kutoka Amerika, na akiingia msituni anafunga njia kabisa, hakuna kinachoota chini yake. Kuing'oa na mizizi kunachosha mgongo na ina miiba midogo. Hakuna hata moja katika kazi hizi inayopendeza kwenye picha. Nimejaribu. Picha ya mtu anayefyeka nyasi ni picha ya mtu anayefyeka nyasi.

Na hapo ndipo ninapotaka kubishana na wenzangu, wa habari na wasiokuwa wa habari. Tumeshika namba isiyo sahihi. Tunahesabu miche iliyopandwa kwa sababu ni rahisi, inakamilika kwa siku moja na ina jina la mtu wa kushukuriwa. Kila halmashauri nchini ina lengo la kupanda miti milioni moja na nusu kwa mwaka. Jirani zetu Kenya walitoa hadi siku ya mapumziko, tarehe 13 Novemba 2023, watu wakapande, katika lengo lao la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Ethiopia mwaka 2019 walitangaza miti milioni 350 kwa siku moja. Sina ugomvi na kupanda. Ninachouliza ni swali ambalo mimi mwenyewe sikuuliza siku ile ya pilau: mwaka mmoja baadaye ni mingapi iko hai, na nani alikwenda kuangalia?

Profesa Wangari Maathai alilijua hili zamani. Vuguvugu lake la Green Belt, lililoanza mwaka 1977, liliwalipa akina mama fedha kidogo kwa mche uliopona, si kwa mche uliotiwa ardhini. Tofauti inaonekana ndogo lakini inabadilisha kila kitu. Mama anayelipwa kwa mche uliopona atauwekea uzio, ataumwagilia, atafukuza mbuzi wa jirani. Anayelipwa kwa kupanda ataondoka na fulana yake.

Kuna watakaosema kujitolea ni mambo ya Wazungu, wale vijana wanaolipa dola nyingi waje kukaa wiki mbili porini na kurudi na picha za profaili. Hapana. Mama yangu amezaliwa Lushoto, na huko msaragambo ulikuwepo kabla ya neno kujitolea halijachapwa kwenye fomu ya mtu yeyote. Siku ikitangazwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnalima barabara au mnachimba mfereji, asiyekuja anatozwa faini au anasemwa mpaka wiki inayofuata. Rwanda wameufanya wa kwao, umuganda, kuwa wa nchi nzima, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Sisi wa mjini tuliosoma ndio tulioutupa, tukabaki na matembezi ya hisani.

Lakini kuna pingamizi jingine ambalo siwezi kulipuuza, na nililipata njiani, si kwenye semina.

Jumamosi ya tatu tulipokuwa tunatoka, tulikutana na mzee anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, amefunga juu kwa majani vizuri kama kilemba. Alipotuona na mafyekeo akashtuka, nadhani alidhani sisi ni mgambo. Tulimpa shikamoo, akaona ni watoto tu, akasimama kupumua. Mmoja wetu, mwenye mdomo, akamwambia, "Mzee wangu, mnatumalizia msitu." Mzee akamtazama viatu mpaka kichwani. "Na wewe kwenu mnapikia nini, mwanangu?"

Hakuna aliyejibu. Katika watu kumi na mmoja, na niliwauliza baadaye kwenye daladala, tisa nyumbani kwao kuna jiko la mkaa. Kwangu pia. Nina mtungi mdogo wa gesi wa kuchemshia chai, lakini maharage ni mkaa, na gunia linalokaa chini ya ngazi sijawahi kuuliza limetoka wapi. Kilo moja ya mkaa kwa matanuri yetu ya udongo hula kilo tano mpaka kumi za kuni. Siku nzima ya kupalilia naweza kuila kwa sufuria chache za maharage.

Mzee wa baiskeli si mlaji, ni mchuuzi wangu. Mwezi Januari 2006 serikali iliwahi kupiga marufuku mkaa, bei zikapaa, na marufuku ikaondolewa baada ya muda mfupi kwa sababu mji huu haukuwa na kitu kingine cha kupikia. Sasa kuna mkakati wa taifa, wa mwaka 2024 mpaka 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mzuri, nauunga mkono. Ila kujaza mtungi kunataka fedha ya mkupuo, na mkaa unauzwa kwa kopo, unanunua wa leo. Mpaka hilo lipatiwe dawa, mzee ataendelea kusukuma na mimi nitaendelea kununua, halafu Jumamosi nitakwenda kufyeka ili nijisikie vizuri. Kuna unafiki humo na sitaki kuuficha.

Je, basi tuache? Nililifikiria kwa siku mbili. Nikaona unafiki ni sababu ya kupunguza mkaa, si sababu ya kuacha kupalilia. Maharage sasa naloweka usiku na kuyachemsha kwa gesi, jiko la mkaa nimempa mpangaji mwenzangu (najua, najua). Na nimemwomba mhariri kitu kimoja: kila habari ya upandaji miti tutakayoiandika, tuiweke kwenye daftari, tuirudie baada ya mwaka. Safari hii hakuuliza habari iko wapi. Amesema tujaribu na tano za kwanza. Katika hizo tano ipo ile yangu ya miche elfu mbili, niliiweka mwenyewe. Najua nitakachoandika, na najua kuna watu watapiga simu.

Katika mstari niliopewa Pugu kulikuwa na alama za miche hamsini. Siku ya kwanza nilipata mizima thelathini na nne. Jumamosi iliyopita ni thelathini na moja. Miwili imeliwa na kitu, mmoja ni ule nilioukata mimi, ambao bado sijakata tamaa nao, maana pembeni mwa kisiki kuna kitu cha kijani ambacho bwana miti anasema ni chipukizi na mwenzangu wa nembo anasema ni gugu.

Tunarudi Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kabla nyasi hazijakauka, kusafisha njia ya moto upande wa Kisarawe. Tunapandia Gongo la Mboto saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anayetaka kuja aje na maji yake, glovu kama anazo, na fyekeo kama anaweza kuazima, maana kule yapo manne tu. Fulana vaa yoyote uliyonayo, ila iwe ya mikono mirefu. Upupu wa huko hauna mchezo.